Wimbo wa Nani, Njia ya Nani?

Mwaka 1929 mtunzi wa Hungaria, Zoltán Kodály, aliandika makala kuhusu kwaya za watoto ambayo walimu wa muziki wanairudia hadi leo. Alidai kwamba mwalimu wa kuimba wa Kisvárda, mji mdogo ulioko pembezoni mwa nchi yake, ni mtu muhimu kuliko mkurugenzi wa jumba la opera la Budapest. Mkurugenzi mbovu akishindwa kazi hufukuzwa, yakaisha. Mwalimu mbovu hudumu miaka thelathini, na kila mwaka huua hamu ya muziki katika darasa jingine la watoto. Kwetu huku hesabu hiyo ni kali zaidi, maana anayekaa na watoto wa miaka mitatu, minne na mitano mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote shuleni, na ndiye anayetarajiwa kuimba kutwa.

Hapa naziweka pamoja njia tatu za kumwingiza mtoto kwenye muziki: ya Hungaria, ya Japani, na hii iliyotulea sisi uani, mgongoni mwa mama na kwenye viwanja vya mtaa. Mbili za kwanza zina vitabu, vyuo na vyeti. Ya tatu haina hata jina, na nadhani ndiyo maana tumeiacha nje ya lango la shule huku za wenzetu tukizisifu kwenye warsha.

Kodály hakuanzia darasani. Alianza mwaka 1905 kwa kutembea vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, na baadaye yeye na mwenzake Béla Bartók wakawa wanabeba fonografu ya silinda za nta ili kunasa sauti za wazee ambao hakuna msomi aliyewahi kuwauliza wanaimba nini. Budapest ya wakati ule ilikuwa imegeuza uso Vienna. Muziki uliohesabiwa kuwa muziki ulitoka kwa Wajerumani, na hata nyimbo nyingi za chekechea zilikuwa za kubuniwa na wakubwa, zisizo na asili katika lugha ya mtoto. Kodály alikuwa na sikio la lugha, na hapo ndipo ninapomwona bingwa. Kihungaria hukaza silabi ya kwanza ya kila neno. Ukilipachika neno la Kihungaria kwenye mahadhi ya Kijerumani yanayoanza na sauti nyepesi kabla ya pigo zito, neno linavunjika. Mtoto anayejifunza kuzungumza anafundishwa kulitamka neno la mama yake kwa makosa, na anafundishwa akiwa anafurahi, kwa hiyo kosa linakaa.

Mswahili hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na hauhami. Sikiliza darasa lolote la awali linaloimba mahadhi ya Kiingereza yaliyotiwa maneno ya Kiswahili: "mama" inakaziwa mwishoni kana kwamba ni jina la mji wa Ufaransa, "samaki" inaangukia "sa". Watoto wanaimba kwa nguvu zote, wazazi wanapiga makofi, na lugha imeteguka mguu pale pale mbele ya watu.

Kodály alipotaka kujenga njia ya kufundishia, hakuona haya kuazima. Alichukua mfumo wa *do, re, mi* wa Uingereza, ambao mwanamke mmoja wa Norwich, Sarah Glover, aliubuni katika karne ya 19, na mchungaji John Curwen akauendeleza na kuutia ishara za mkono. Katika mfumo huo *do* si sauti moja isiyohama. Inakaa popote mwimbaji atakapoiweka, na nyingine zinajipanga kwa kuifuata. Ni chombo cha maskini kwa maana nzuri: hakitaki kinanda, kinataka koo. Hungaria ikakiingiza kwenye nyimbo za wakulima. Mtoto wa chekechea alianza na sauti mbili tu, zile ambazo mtoto yeyote huzitumia akimwita mwenzake kwa mbali, kisha ya tatu ikaongezwa, hadi zikatimia tano za ngazi ya kienyeji. Mwalimu aliimba bila ala, kwa sauti ya chini, ili mtoto asikie bila kupiga kelele. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza yenye kuimba kila siku ilifunguliwa Kecskemét, mji aliozaliwa Kodály, chini ya Márta Nemesszeghy, na Katalin Forrai akaja kuifanya kazi hiyo kwa watoto wa chekechea nchi nzima.

Mfumo huo huo ulifika Afrika katika mikoba ya wamisionari. Mtu yeyote aliyepita kwenye kwaya ya Kilutheri au ya Kikatoliki ameziona zile herufi ndogo, nukta na vistari, zilizonakiliwa kwa mkono kwenye daftari. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliutumia kuandika wimbo alioutunga mwaka 1897. Mahadhi yake ndiyo ambayo mtoto wa Tanzania huyaimba mstarini asubuhi katika wimbo wa taifa, akiwa na miaka mitano au sita, kabla hajajua kusoma neno hata moja la wimbo huo. Chombo kimoja, basi, kilipanda treni mbili. Hungaria kilipewa nyimbo za bibi wa kijijini kikazipandisha hadhi. Huku kwetu kilipewa tenzi za kutafsiriwa, na nyimbo za bibi zikaambiwa zisubiri nje, na kwingine zikaambiwa ni za kishenzi. Kwaya zilizozaliwa na mfumo huo ni fahari yetu na sizibezi. Nasema tu kwamba kifaa hakina kosa.

Japani ilifanya kinyume cha Hungaria. Mwaka 1881 serikali ya Meiji ilitoa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo za shule, kilichoandaliwa na Isawa Shuji kwa msaada wa Luther Whiting Mason wa Boston, na ndani yake mahadhi mengi yalikuwa ya Ulaya yenye maneno ya Kijapani. Shinichi Suzuki, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1898, alikulia ndani ya Japani hiyo. Baba yake, Masakichi, alikuwa na kiwanda cha fidla. Mwana akaenda kusoma Berlin miaka ya 1920, na inasimuliwa kwamba huko, akihangaika na Kijerumani ambacho hakikutaka kuingia kichwani, alishtushwa na jambo ambalo kila mtu analijua: watoto wote wa Japani wanazungumza Kijapani. Wote, pamoja na wale ambao walimu wangewaita wazito. Hakuna aliyewapa mtihani wa kipaji kabla ya kuwasemesha.

Baada ya vita, mjini Matsumoto, aliifanya hoja hiyo kuwa shule. Mtoto anaanza na miaka mitatu hivi, lakini anayeshika fidla kwanza ni mama. Mama anajifunza mbele ya mtoto, mtoto anamwona anahangaika, anatamani, anaomba. Nyumbani santuri inapigwa kila siku, wimbo ule ule, kama ambavyo neno lile lile husemwa mbele ya mtoto mchanga mara maelfu kabla hajalitamka. Mtoto anapopewa ala yake ya kwanza huenda isiwe ala kabisa, ni kiboksi cha karatasi ngumu kilichounganishwa na kijiti mfano wa rula, akiwekee kidevu, ajifunze kusimama na kuinama. Kusoma noti kunakuja baadaye, kama ambavyo kusoma herufi huja baada ya kusema. Wakosoaji wake wanalalamika kwamba watoto hao wanacheza kwa ustadi wakiwa hawajui kusoma, na kwamba hamsini wakisimama pamoja na kupiga wimbo mmoja inafanana na gwaride. Lalamiko la pili nalielewa. La kwanza ni kama kumlaumu mtoto wa miaka minne kwa kuongea vizuri kabla ya kwenda shule.

Lakini tazama kinachopigwa. Wimbo wa kwanza ni mageuzi ya mahadhi ya Ufaransa ya karne ya 18, kisha safari inaelekea kwa Bach na Vivaldi. Kodály aliazima njia akaulinda wimbo. Suzuki aliazima wimbo akailinda njia: mama, kusikia, kurudia, kuiga, kuchelewesha maandishi. Kila mmoja alikuwa na kitu chake mwenyewe cha kusimamia, na kazi zote mbili zikasimama. Sisi katika madarasa yetu ya awali tumeazima vyote viwili. Wimbo ni wa kwao, na njia ni ya kwao pia: mwalimu mmoja mbele, watoto kwenye mistari, rudieni baada yangu. Na cha ajabu ni kwamba vyote viwili tulikuwa navyo.

Chukua mbeleko. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na pigo zito wala jepesi, mdundo ambao unaweza kuuhesabu mbili mbili au tatu tatu utakavyo. Nusu ya watoto walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, nusu kila pigo la tatu. Baadaye walipochezewa midundo yenye mkazo ulio wazi, kila mtoto alipenda kuusikiliza zaidi ule uliofanana na namna alivyorushwa. Waliofungwa macho walifanya vivyo hivyo. Lakini mtoto aliyeachwa atazame tu mtu mzima akirukaruka, bila yeye kubebwa, hakupata kitu. Mdundo uliingia kwa kupitia kiwiliwili.

Sasa fikiria wanawake wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na mgongoni mwa mmoja wao kuna mtoto aliyefungwa kwa kanga, shavu limelala kwenye uti wa mgongo wa mama. Kila mama anapoinama, mtoto anashuka naye. Anasikia pigo la mama yake kwa mwili, na la mwenzake kwa sikio, likiingia katikati. Kabla hajaota jino ameshabebwa ndani ya midundo miwili inayopishana, jambo ambalo mwanafunzi wa muziki wa Ulaya hulisomea chuoni na bado likamtoa jasho. Mwaka huo huo wa 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha kwamba watoto wa Amerika Kaskazini wa miezi sita wanatambua kasoro katika midundo migumu ya nchi za Balkani sawa na katika ile rahisi ya kwao, lakini wakifika mwaka mmoja uwezo huo umefifia. Wakichezewa nyumbani nyimbo za huko kwa muda mfupi, unarudi. Sikio, kwa hiyo, linaanza kuchagua upande mapema mno, kabla ya chekechea, kabla hata ya kutembea vizuri. Mashine ya kusaga imemwondolea mama kazi nzito na hakuna mwenye akili atakayetaka kinu kirudi. Lakini kilipoondoka, somo lililokuwa ndani yake liliondoka nalo, na hatukulitafutia mahali pengine.

Akishaachia mgongo, mtoto wa kwetu hafundishwi na mama wala mwalimu. Hapo ndipo tunapoachana na Hungaria na Japani zote mbili. Anafundishwa na dada yake wa miaka saba, na watoto wa jirani. Mchezo wa nyama unachezwa Kenya na Tanzania, na sijui mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuufundisha. Kiongozi anasimama mbele ya duara na kuanzisha mdundo kwa sauti. Anataja ng'ombe: wote wanaruka na kuitikia. Anataja mbuzi, wanaruka. Kuku, wanaruka, na sasa mwendo umeshika, miguu inakwenda yenyewe. Ghafla, bila kubadilisha sauti wala kuchelewesha pigo, anataja chatu. Aliyeruka ametoka, maana chatu haliwi. Kiongozi mjanja haharakishi. Anawalaza na wanyama watano sita wa halali, kisha anatupa jiwe, au kiti, au jina la mwalimu mkuu.

Hesabu yanayofanyika hapo. Mtoto anashika mapigo, anasikiliza, anapanga vitu katika makundi, na linalozidi yote, anauzuia mwili wake ambao tayari umeshaanza kuruka. Kujizuia huko ndiko wanasaikolojia wa makuzi wanakokuhesabu kuwa nguzo ya kujifunza kwa miaka inayofuata, na wanakubunia mazoezi ya mezani yenye kadi na taa. Mtaani kunafanywa bure jioni, na mwamuzi ni mtoto wa darasa la pili. Wale wadogo kabisa, wa miaka mitatu, wanaruka kwa kila neno na hawatolewi. Wanachekwa kidogo, wanabaki pembeni ya duara, wanaendelea kuruka. Hawako kwenye darasa la wasiojua. Wako ndani ya mchezo wenyewe tangu siku ya kwanza.

Hili la mwisho ndilo linaloitikisa ngazi ya Kodály. John Blacking, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Wavenda wa kaskazini mwa Afrika Kusini kati ya 1956 na 1958, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kizima kuhusu nyimbo za watoto wao. Alitarajia, kama msomi yeyote wa Ulaya angetarajia, kuona watoto wakianza na nyimbo za sauti chache na kupanda taratibu kwenye nyingi. Hakuona hivyo. Watoto walijifunza nyimbo walizozisikia mara nyingi, ziwe rahisi au ngumu. Na alipozichambua zile fupi za sauti chache, akaona kwamba baadhi yake zina asili ndani ya *tshikona*, ngoma kuu ya filimbi ya Wavenda ambamo kila mpigaji ana sauti yake moja tu na wimbo hutimia pale wote wanapopuliza kwa zamu. Yaani kile kilichoonekana kuwa chepesi kilikuwa kimechujwa kutoka kwenye kikubwa. Mtoto wa Kivenda alisikia kikubwa kwanza.

Haimaanishi Kodály alikosea. Ngazi yake ni dawa ya mahali ambapo kijiji hakipo: una watoto thelathini ndani ya kuta nne, hakuna ngoma inayopita, hakuna dada wa miaka saba, inabidi uanze na kitu. Tatizo linakuja pale tunapoichukua dawa hiyo tukiwa na kijiji dirishani. Dodoma ni mfano mzuri. Wagogo huimba kwa sauti kadhaa zinazoachana na kukutana, wanawake hupiga ngoma ya muheme, wanaume hupiga zeze na marimba za vidole. Hukwe Zawose aliufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika jinsi watoto wa Kigogo wanavyojifunza kwa kuwapo, kutazama, kuiga na kuingia, na jinsi shule ilivyosimama mbali na maisha hayo. Mtoto anaweza kuwa amejua kushika sauti ya pili ya wimbo mgumu jioni ya Jumapili, na Jumatatu akapangwa mstarini kuimba kwa sauti moja wimbo wa maneno manne, na mwalimu akaamini kwamba ndiyo kwanza anamwanzishia muziki.

Nisije nikaonekana naupaka kijiji asali. Nyimbo nyingi za zamani zina matusi, nyingine zinamcheka kilema, na nyimbo za unyago zina wenyewe na mahali pake. Mtoto asiye na kipaji cha kuongoza duara anaweza kubaki nyuma miaka, bila mtu mzima wa kumtazama. Hapo shule ina kazi halali, na ndiyo hasa kazi ambayo Kodály aliifanya: hakuchukua kila alichokisikia, alichagua.

Pwani tuna shule nyingine kongwe, ambayo hakuna anayeihesabu katika mjadala huu. Watoto wa miaka minne wameketi mkekani kwenye chuo cha Kurani, mwalimu anasoma, wanapokea, mkubwa anamsikiliza mdogo. Irabu ndefu inavutwa kwa kipimo chake bila kupunguzwa, sauti ya puani inashikwa kwa muda wake, na anayekata mapema anarudishwa. Masheikh hawauiti huo muziki, na wana haki ya kulinda mpaka huo. Kisomo ni ibada. Lakini kwa upande wa sikio, mtoto aliyepita hapo amefundishwa kupima muda wa sauti kwa ukali ambao Suzuki angeufurahia, na kwa njia ile ile, ya kusikia kwanza na maandishi baadaye. Katikati ya miaka ya 1980, huko Mombasa, mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na Bi Swafiya Said, ulifanya jambo ambalo lilipaswa kuigwa zaidi. Uliwachukua wanawake wa mtaa ule ule, ukawafunza ualimu, ukatumia vifaa vya kuokoteza vya mazingira yao, na ukaiacha dini, hadithi na nyimbo za mwambao ziingie darasani pamoja na hesabu. Baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Kumbe lango linafunguka.

Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, muziki wa chekechea zetu umegeuka mali ya mgeni rasmi. Kuanzia Septemba mazoezi ya mahafali yanaanza. Nyimbo zinatoka kwenye flashi, kwa Kiingereza, spika mbili kubwa zinawekwa mlangoni. Siku yenyewe watoto wamevikwa majoho, jua linawaka, muziki unapigwa kwa kishindo kiasi kwamba hata wangekaa kimya hakuna ambaye angejua, na kwa kweli wengine wamekaa kimya, wanachezesha midomo. Mzazi anarekodi kwa simu. Ametoa ada, anataka kuona thamani ya pesa, na Kiingereza kinachoimbwa ndicho risiti yake. Mwalimu anajua hilo vizuri kuliko mimi, na simlaumu yeye.

Wazazi wenye uwezo zaidi wana ugonjwa mwingine, wa kumchezea mtoto mchanga Mozart ili awe na akili. Habari hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Marekani, uliofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walisikiliza sonata moja kwa dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo katika maswali ya maumbo kwa robo saa hivi, basi. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Hilo halikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, kuomba dola 105,000 mwaka 1998 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni kwake apewe kanda. Tafiti makini zilizofuata kuhusu masomo ya muziki na akili zimeleta matokeo ya kugombana: faida ndogo hapa, hakuna faida pale. Ukitaka mwanao ajue hesabu, mfundishe hesabu.

Kinachoonekana kwa uwazi zaidi ni kitu kingine. Mwaka 2010 watafiti wa Leipzig waliwakuta watoto wa miaka minne walioimba na kucheza ngoma pamoja wakisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo huo huo bila muziki. Mwaka 2015 huko Montreal, watoto wachanga walioimbiwa wimbo wa Kituruki wasiowahi kuusikia walikaa kwa utulivu kama dakika tisa kabla ya kuanza kulia, na waliosemeshwa tu, kama nne. Kutulia na kusaidiana. Kwa mwalimu wa shule ya umma mwenye watoto mia moja ndani ya chumba kimoja, sijui ni kifaa gani cha kufundishia kinachoweza kumpa zaidi ya hayo. Hata vipindi vya katuni vya Ubongo vinavyotengenezwa Dar es Salaam, ambavyo navipenda kwa Kiswahili chake na kwa nyimbo zake, haviwezi kumshika mtoto mkono na kumwingiza kwenye duara. Inabidi mtu afanye hivyo.

Kwa wanaoandika mihtasari ya elimu ya awali, ombi langu ni hili: tumeni watu mitaani na vijijini na kinasa sauti, kama Kodály, wakusanye michezo na nyimbo za watoto, wachague, wachuje, wachapishe zikiwa na maelezo ya namna ya kuzicheza, wilaya kwa wilaya, kabla dada wa miaka saba hajapewa simu. Wafundeni walimu kushika sauti kwa koo lao wenyewe. Nyimbo za kigeni zibaki, lakini zije baada ya za kwao, na zisiteguliwe mkazo.

Na wewe mwalimu ambaye huwezi kusubiri muhtasari mpya, kesho asubuhi zima spika. Toa watoto uwanjani, mteue mmoja aongoze mchezo wa nyama, kisha ingia kwenye duara nawe uitikie. Ukiruka kwenye chatu, utoke kama wenzako.